Huyu ni wa Ngapi

...na kiatu cha pili kinagoma, mkanda umezama kwenye mguu uliovimba, Eufrazia ameinama kadiri tumbo linavyomruhusu, kiatu cha kushoto kiko mkononi, cha kulia bado kiko mguuni, na kule mwanzo wa benchi, karibu na mlango, nesi Margareta ameshaanza kuuliza, "Huyu ni wa ngapi?", kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Wa kwanza," anajibu binti mwenye hereni kubwa, "Haya, vua viatu, ingia, mkeka wa mbele," na benchi linasogea, wanawake wanne wamebaki watatu, Eufrazia naye anasogea na kiatu chake mkononi, kwa sababu benchi likisogea na wewe unasogea, hata kama hujaamua kuingia, na yeye hajaamua, tangu asubuhi anajiambia kwamba amekuja kukaa tu, kukaa si kuingia, kuvua kiatu kimoja si kuvua viwili, mtu aliyevua kiatu kimoja anaweza kukivaa tena akatoka geti la zahanati akashika njia ya nyumbani, Kipawa hii ni mitaa yake, muda si mrefu angekuwa jikoni kwake anachambua mchele, na hakuna ambaye angejua kwamba alifika hapa, hakuna isipokuwa nesi huyu, naye wajawazito wake ni wengi, atamkumbuka kwa lipi... wa ngapi, swali hilo hakulifikiria, alifikiria mengine yote, alifikiria wataambiwa walale chali mbele ya watu, alifikiria wataonyeshwa picha, hata kitenge cha ziada amekibeba kwenye mkoba cha kujifunika, lakini kwamba mlangoni mtu atapangwa kwa hesabu, wenye mimba ya kwanza mbele, waliokwisha kuzaa nyuma, hilo halikumjia, na sasa swali liko watu wawili kutoka alipo na linakuja.

"Na wewe mama?" "Wa tano, sista, na huyu ndiye anayefunga duka," anasema mwanamke mnene aliyetoka Vingunguti, kwapani ana mto wake mwenyewe, watu wanacheka, nesi naye anacheka, "Wa tano unatafuta darasa la nini, si ungekuja kunisaidia kufundisha?", "Aa, wale wanne nilizaa kwa kubahatisha, huyu nataka nimzae kwa akili, halafu sista, kule kwetu karibu na machinjio, ukilia uchungu watu wanadhani ni ng'ombe, mie nimekuja mnifundishe kilio cha binadamu," na kicheko kinapanda, Farida, msichana aliyekaa baada yake, anajishika tumbo asije akazaa palepale kwa kucheka, na Eufrazia anacheka pia, anajisikia akicheka, halafu anaacha, kwa sababu kilio yeye hakuwahi kufundishwa, alifundishwa kinyume chake, na aliyemfundisha alipiga simu jana jioni kutoka Masasi, Mama Kasimiri, somo yake, aliyemfunda unyagoni na ambaye wiki ijayo anapanda basi kuja kukaa naye hadi ajifungue, "Shikamoo somo," "Marahaba, nasikia unakwenda shule ya kuzaa," na Eufrazia hakuuliza amesikia kwa nani, Dar na Masasi ni nyumba moja yenye vyumba viwili, "Ni darasa tu somo, hapo zahanati," "Darasa, kwani mie nilikufundisha nusu?" "Hapana somo," "Nilibakiza nini?" "Hukubakiza kitu somo," "Kuzaa hakufundishwi na mtu aliyevaa saa mkononi, Eufrazia, mtu anayeangalia zamu yake itaisha lini aende kwake," akacheka, Mama Kasimiri hucheka kwa kukohoa, halafu akasema lile ambalo Eufrazia alijua litasemwa, "Mara ile hukunitia aibu, na mara hii usinitie," na simu ikakatika... mara ile, wote husema hivyo, mara ile, mama mkwe husema mara ile, Gervas mumewe husema mara ile, hakuna anayesema mtoto, hakuna anayesema yule, ni mara ile tu, kama vile wanazungumzia mvua iliyong'oa bati.

Nesi ameingia ndani kumtafutia mama wa Vingunguti kiti, maana mkekani amekataa, nikikaa chini nani ataninyanyua, anasikika akisema, leteni winchi, na kule ndani viti vinaburuzwa, basi swali limesimama kidogo, limempa nafasi, na Eufrazia anavuta mkanda wa kiatu, hautoki, anauacha... punje, alikuwa na miaka kumi na mitatu, somo alimwekea punje ya mahindi makavu katikati ya meno, akamfinya ndani ya paja, akamwambia punje isianguke wala isisagike, ikianguka tunaanza upya, na ikaanguka, na wakaanza upya, ikaanguka tena, hadi mwanga uliokuwa mlangoni ukahamia ukutani, hadi ikafika mahali punje ikakaa, paja linawaka moto na punje imekaa, na somo akampaka mafuta palepale alipokuwa akifinya, kwa mkono uleule, akasema sasa umekuwa mtu, mwanamke anayepiga kelele kwenye uchungu anawaita watu waje watazame uchi wake, mwanamke aliyefundwa humeza, uchungu ni wako, umeze, mtoto ndiye atakayelia kwa niaba yenu wote wawili, mie Kasimiri nilimzaa kimya, akasema somo, kimya kabisa, na yupo, unamwona anavyopiga mpira hapo nje, yupo... na Eufrazia akaamini, mtoto wa miaka kumi na mitatu asiamini nini, ushahidi ulikuwa unakimbia uani bila shati.

Na alimeza, mara ile alimeza kutwa nzima, hospitali kubwa, chumba kirefu, vitanda vimejaa, kingine wamelala wawili, nesi mmoja na mwanafunzi mmoja, na kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke anayepiga mayowe akimtaja mumewe, "Marijani utanitambua, Marijani leo utanitambua," hata nesi akamwita hivyo, ngoja nikamwangalie Marijani, akaenda akarudi, akaenda akarudi, na kila akipita alimtupia jicho Eufrazia, aliyekuwa ameuma pindo la khanga na macho yake yako darini, akasema, "Wewe bado, ungekuwa tayari tungekusikia," na Eufrazia akatikisa kichwa, ndiyo, bado, yeye mwenyewe akakubali, hilo ndilo analolitafuna hadi leo, kwamba hakudanganywa, hakufukuzwa, aliulizwa kwa macho akatikisa kichwa, na ndani yake kitu kilikuwa kinapasuka kama gogo linalopigwa kabari, na bado akaona fahari, Mungu amsamehe, katikati ya yote yale aliona fahari, kwamba somo angekuwepo angeona, punje haikuanguka... mchana ukageuka, Marijani akapata mtoto wa kiume, chumba kizima vigelegele, mpaka waliokuwa na uchungu wao walipiga, na katikati ya vigelegele vile mtoto wa Eufrazia aliacha kucheza, na mama yake alijua, kulikuwa na teke, halafu hapakuwa na teke, na hata hapo hakuita, alisubiri vigelegele viishe, aliona si adabu kukatiza furaha ya mtu, alisubiri, na vigelegele vikaisha, na kimya chake kikawa kirefu mno hata hakujua kinavunjwa kutokea wapi, mpaka zamu ikabadilishwa, nesi mwingine akaja akafunua shuka, akatazama, akapiga kelele yeye, watu wakaja, mikono mingi, na mtoto akatoka, wa kike, nywele nyingi zimelala kwenye paji la uso, kucha zimetimia, kimya, kimya kama alivyofundishwa mama yake, na yule nesi hakuwa mkali, angekuwa mkali ingekuwa afadhali, alimfuta jasho usoni kwa kiganja akamwambia polepole, "Dada, mbona hukuita?"

Mbona hukuita... maneno hayo hajamwambia mtu, si Gervas, si padri, si somo, anaishi nayo yeye, anapiga nayo msasa vinyago vya mumewe, anapika nayo, na mwezi uliopita alipokuja kliniki kupima na nesi Margareta akasimama mbele ya benchi hili hili akatangaza kwamba mwezi ujao, siku za Jumamosi, kutakuwa na darasa la wanaojiandaa kujifungua, kupumua, kusukuma, dalili za hatari, alikuwa anasikiliza kwa sikio moja, mpaka nesi akasema, "Na siku ya kwanza kabisa tutafundishana kuita," na mwanamke mmoja akadakia, "Kuita? Kuita nako kuna darasa?" na nesi akasema, "Lipo, wengi wenu mnajua kupiga kelele, kuita hamjui, kuna namna ya kumwita nesi akaacha alichoshika akaja, na wengine hata hizo kelele hamzijui," na hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo, alikuwa anatafuta kifuniko cha kalamu, lakini Eufrazia alijisikia kama ametajwa jina mbele ya kanisa, akaenda nyumbani na neno hilo, akakaa nalo wiki nzima kabla ya kumwambia Gervas, na Gervas alikuwa amekaa bandani kwao Mwenge, patasi mkononi, kinyago kimebanwa katikati ya nyayo zake, akasema, "Wewe unaonaje?" na yeye akasema, "Sijui, wewe unaonaje?" na Shomari wa banda la pili, ambaye masikio yake hayana mlango, akaingilia, "Braza Gervas, na wewe nenda, wanafundisha wanaume kusukuma siku hizi, sie tutakushikia patasi," vijana wakacheka, Gervas akacheka kwa pua, na shauri likaishia hapo, wanaonaje, hakuna aliyeonaje, walirudi kwenye kazi, yeye msasa, mumewe patasi... kwa sababu akimwambia ninaenda kujifunza kuita, atauliza kwa nini, na akiuliza kwa nini itabidi amwambie, na akimwambia itakuwa kama kusema mimi ndiye.

"Dada," Farida anamgusa kiwiko, wamebaki wawili benchini, kucha za Farida zimepakwa hina mpaka kwenye vidole vya miguu, ameshavua viatu vyake vyote viwili, amevipanga chini ya benchi, "dada samahani, eti inauma sana?" na Eufrazia anauliza, "Nini?" ingawa amesikia, "Kuzaa, mie ndio kwanza, naogopa mpaka nywele, mama yangu anasema utajua siku hiyo hiyo, sasa siku hiyo nitajuaje na nitakuwa nimeshachelewa?" na macho ya Farida yapo usoni pake, yanasubiri, na Eufrazia anasema, "Mie sijui," anasema, "sijui mdogo wangu," na neno linatoka jepesi, kama vile lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, "Kumbe na wewe wa kwanza?" Farida anachangamka, "basi tukae pamoja kule mbele, tushikane mikono," na ndege inashuka, inapita juu ya zahanati kuelekea uwanjani, chini mno mpaka mabati yanalia, na kama ilivyo desturi ya Kipawa kila mtu amesimamisha neno lake mdomoni, nesi anaonekana kule ndani amesimama na mkono juu, muuza vitumbua nje ya geti amekaa na kijiko hewani, wote wanasubiri ipite, hapa watu husubiri ndege kama wanavyosubiri mkubwa amalize kusema, na Eufrazia anashukuru, anatamani ndege ile isimalize kupita, chini ya kelele hiyo hahitaji kusema ndiyo wala hapana... lakini inapita, na Farida ameshachukua kimya kile kuwa jibu, anatabasamu, anamfinya mkono, na Eufrazia ana aibu ambayo haijui, si ile ya somo, ni nyingine, inatoka chini zaidi, kwa sababu amemkana, mtoto aliyembeba miezi yote, aliyekuwa akicheza kila akisikia msasa, krrr, krrr, teke, amemkana kwenye benchi la zahanati kwa msichana asiyemjua, na ilikuwa rahisi, hata jogoo hakuwika.

Rahisi kwa sababu wote walishamkana kabla yake, wanawake waliokuja nyumbani walisema asiyelia haliliwi, hakukuwa na matanga, hakuna aliyetandika jamvi uani, mtoto hakupewa jina, na yeye mwenyewe akakatazwa machozi, ukilia unafunga kizazi, wakasema, mwombe Mungu akupe mwingine, na sokoni akaendelea kuitwa mke wa Gervas, wenzake walioolewa naye mwaka mmoja ni Mama huyu na Mama yule, yeye mke wa Gervas, na Gervas na kaka yake Augustine waliondoka asubuhi na mzigo mdogo wakarudi mikono mitupu, alipouliza wamemlaza wapi Gervas akasema, pazuri, basi, pazuri, akaenda kunawa... lakini aliporudiwa na nguvu za kufua alichukua shati la kazi la Gervas, na Eufrazia anajua vumbi, kazi yake bandani ni kupiga msasa kila kinyago anachochonga mumewe, vumbi la mpingo limekaa kwenye mistari ya viganja vyake tangu aolewe, ni jeusi linaloelekea zambarau, na Gervas hachongi mti mwingine, mti mwingine anauita kuni, lakini maji ya shati lile yalitoka mekundu, mekundu ya kutu, vumbi la mninga, na mninga ni mti wa vitanda, na milango, na masanduku, akasimama na shati lililolowa mikononi, akaelewa kwamba mumewe alikaa mahali peke yake akapasua vibao vidogo, akavipiga randa, akavipigilia, mtu asiyejua useremala wa masanduku, akabahatisha vipimo, na pengine alivipiga msasa mwenyewe, na msasa ni kazi yake, Eufrazia, ni kazi yake, angempa angevipiga mpaka vikawa laini kama maji, lakini hakumwambia, na yeye akalisuuza shati akalianika, na hakumwambia kwamba ameona... nyumba nzima ya watu wenye punje mdomoni.

"Wewe mwenye hina," nesi Margareta amerudi mlangoni, "huyu ni wa ngapi?" "Wa kwanza," anasema Farida, "wa kwanza sista, na huyu dada pia," anamwonyesha Eufrazia kwa kidevu, kwa wema, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi kwenye foleni, na nesi anasema, "Mwache ajisemee, ana mdomo, wewe njoo, taratibu hapo kizingitini," Farida anainuka, miguu peku, anajivuta, anafika mlangoni na hapo nesi anamwinamia, anamtazama vifundo vya miguu, anabonyeza kwa kidole, anamuuliza kama kichwa kinamuuma... na sasa benchi lote ni lake, refu, tupu, angeweza kulala, angeweza kuondoka, nesi amempa mgongo, huu ndio wakati, vaa kiatu, inuka, na Jumamosi ijayo somo atakuwa ameshafika, na mkeka wake, na chupa yake ya mafuta, na mikono yake, na mambo yatakwenda kama yalivyokwenda... kama yalivyokwenda. Anamchukia? Anajiuliza wazi, kwa mara ya kwanza, anamchukia Mama Kasimiri? Ingekuwa rahisi, ingekuwa kama kutua ndoo, amweke pale kwenye benchi amwambie ni wewe, wewe na punje yako, ni wewe uliyeniziba, na anajaribu, anamleta somo mbele yake, amfanye mbaya, lakini anayekuja si yule wa punje, anayekuja ni yule wa siku maziwa yaliposhuka, kwa sababu maziwa hayakuambiwa kwamba hakuna mtoto, yalishuka, kifua kikawa mawe, khanga ikalowa, akawa anajificha chooni kuyakamua na kuyaona yakienda na maji, na somo, aliyekuwa ameteremka kwenye basi asubuhi ile, akamkuta huko, akamtoa, akamkalisha kwenye kigoda, akachukua khanga kuukuu akaikunja, akamfunga kifua, na mikono yake haikutafuta, ilijua, ilijua pa kuanzia, ilijua fundo likae chini ya kwapa la kushoto lisimchome akilala, ilijua kukaza mpaka pale mtu anapoweza kuvumilia na kusimama hapo, hakuna unyago unaofundisha hilo, mkungwi hafundishi wari kufunga maziwa ya mtoto aliyekufa, na alipokuwa akikaza fundo, uso wake umeelekea ukutani, alisema kwa sauti ya chini, si kwa Eufrazia, ni kwa khanga, "Hata wale wangu niliwafungia hivihivi."

Wale wangu... na Eufrazia, kiatu mkononi, anayasikia maneno hayo kana kwamba yamesemwa sasa hivi, yalipita siku ile, alikuwa na joto na maumivu, yalipita kama maneno ya mtu usingizini, wale, wapi wale, Kasimiri ni kifungua mimba, kila mtu anajua, ndiyo maana yeye ni Mama Kasimiri, na baada ya Kasimiri wako wawili, wazima, wana watoto wao, hakuna kaburi hata moja linalotajwa kwenye nyumba ile, basi wale ni wapi, wale ni zaidi ya mmoja, wale waliofungiwa kifua kwa khanga, lazima walikuwa kabla, kabla ya Kasimiri, wawili, au watatu, na hawakulia, kwa hiyo hawakuhesabiwa, na mwanamke akaendelea kuitwa mke wa fulani mpaka alipokuja yule aliyelia... na Eufrazia anamwona, somo yake akiwa msichana, umri kama wa Farida, nyumba ya mbali na zahanati, mto umejaa, mume yuko kwenye mikorosho ya watu, na anaita, bila shaka aliita, kabla mtu hajafundwa na maisha huita, aliita kwa wa kwanza na hakuja mtu, au walikuja wamechelewa, akaita kwa aliyefuata na wakaja wakamtazama, na kwa mimba ya Kasimiri akafunga mdomo, amechoka kuita, si adabu, si fahari, amechoka tu, na Kasimiri akalia, akapona, na mwanamke yule akakaa na mtoto kifuani akatafuta ni kitu gani safari hii amefanya tofauti, na akakiona kimoja tu, kimya, Kasimiri nilimzaa kimya na yupo, alidhani kimya ndicho kilichomponya mtoto, akakiokota kama dawa, akakitunza, akakitia kwenye kinywa cha kila binti aliyeletwa kwake, punje kwa punje, kwa upendo, mkono unaofinya na mkono unaopaka mafuta, alikuwa anawapa kitu pekee alichoona kimeokoa mtoto... na hakuna hasira hapo, Eufrazia anaitafuta na haipo, alipoiacha kuna mwanamke amesimama na mwanamke mwingine amesimama nyuma yake, vifua vimefungwa, hakuna aliyemuuliza yeyote kati yao wa ngapi.

"Haya dada, wewe wa mwisho," nesi Margareta amenyooka, Farida yuko kizingitini amemshika bega, jua limefika kwenye ncha ya benchi, harufu ya vitumbua, na mkanda wa kiatu cha kulia bado umezama kwenye mguu, hakuna kilichosogea, "huyu ni wa ngapi?" na Eufrazia anafungua mdomo, anasema, "Wa pili," anasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka, dogo, la kutikisa kichwa, na hapo hapo mngurumo unaanza upande wa Vingunguti, unakuja, mabati yanaanza kulia, nesi anaweka kiganja nyuma ya sikio, hakusikia, halafu anainua mkono juu kama watu wote wa hapa, subiri, ngoja ipite kwanza, hakuna haraka, na kule getini kijiko cha vitumbua kimesimama hewani, Kipawa nzima imefunga mdomo inasubiri, na yeye anajua kusubiri, hakuna anayejua kuliko yeye, alisubiri vigelegele viishe... somo, nisamehe, anasema moyoni, ukija nitakufungulia kifua chako, utanitajia wale, mmoja mmoja, nami nitakutajia wangu, na Gervas nitamwambia maji ya shati yalitoka mekundu, lakini hii siwezi kusubiri ipite, na ndege iko juu yao, kivuli chake kinakata ua, na Eufrazia anavuta pumzi mpaka chini alikolala mtoto, anaita, "Wa pili! Huyu ni wa pili! Wa kwanza alikuwa wa kike!" koo linachubuka, hajui kama sauti imetoka au imemezwa na ndege, kiatu kimoja kiko mkononi, kimoja kiko mguuni, nesi bado ameinua mkono, na kule mlangoni Farida amegeuka, mkono umeziba mdomo, amesikia.